Milango ya zamani ya Mediterania: uende Sidi Bou Said au Marsaxlokk?

Vijiji vya pwani ya Mediterania ni vingi kuliko nauli ya mtu mmoja, na karibu kila kimoja kina mlango mkuukuu, chungu cha maua na paka anayelala kizingitini. Ukiwauliza wapiga picha, wengi watakutajia Ugiriki kwanza. Mimi naiacha pembeni kwa sababu moja: Santorini na Mykonos macho huvutwa na kuta nyeupe, makuba na bahari, na mlango unabaki kuwa kiungo cha picha. Safari ya milango inataka mahali ambapo mlango wenyewe ndio habari.

Nimechukua viwili. Cha kwanza ni Sidi Bou Said, Tunisia, kijiji cha buluu na nyeupe kilichokaa juu ya genge linaloitazama Ghuba ya Tunis, takriban kilomita 20 kutoka mji mkuu. Cha pili ni Marsaxlokk (hutamkwa Marsashlok), kijiji cha wavuvi kusini-mashariki mwa Malta. Nikitakiwa nijibu kwa haraka, nitasema hivi: anayetaka kupiga mlango kama kazi ya fundi aende Tunisia, na anayetaka mlango unaomsimulia mwenye nyumba aende Malta, ila asiishie Marsaxlokk. Sababu ni ndefu kidogo.

Mlango ukiusogelea

Aliyekulia Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu akiuona mlango wa Sidi Bou Said kwa mbali atadhani anaujua. Una pande mbili, mbao nzito, misumari yenye vichwa vikubwa. Akisogea ndipo anagundua kwamba mambo yamegeuzwa. Kwetu nakshi imo kwenye mbao: miimo na kizingiti cha juu vimechongwa maua, minyororo na mawimbi, mfaa, ule ubao wa wima unaofunika maungio ya pande mbili, umesimama katikati, na vichwa vya shaba vimepangwa safu zilizonyooka. Kule mbao ni tupu, zimepakwa rangi tu, na mchoro wote umefanywa na misumari. Vichwa vyeusi vya chuma, mamia kwa mlango mmoja, vimepigwa kimoja kimoja hadi vikachora hilali, nyota, tao la mihrabu, samaki, jicho, mti. Misumari hiyo ilianza kwa kazi ya kushikiza mbao kwenye mapapi ya nyuma. Urembo ulifuata baadaye, na sasa ndio unaowaleta watu na kamera.

Mlango umekaa ndani ya fremu ya mawe yaliyochongwa, mara nyingi chini ya tao lenye umbo la kwato ya farasi. Mikubwa mingine ina kijimlango ndani yake, kifupi kiasi cha kumlazimisha mgeni ainame anapoingia. Halafu kuna pete za kugongea hodi: mbili, wakati mwingine tatu, kila moja kwa kimo chake. Wenyeji husimulia kwamba kila pete ina mlio wake, ya mwanamume, ya mwanamke na ya mtoto, ili aliye ndani ajue ni nani kabla hajafungua. Ukipiga picha mlango wenye pete tatu, usizikate kwa ajili ya kupata mchoro wa katikati. Bila pete, picha hiyo inakuwa ya kitambaa tu.

Umoja wa rangi pale si bahati. Baron Rodolphe d'Erlanger, mchoraji na mtafiti wa muziki wa Kiarabu, alijijengea kasri la Ennejma Ezzahra kijijini hapo katika miaka ya 1910, akasukuma kijiji kilindwe. Amri ya mwaka 1915 ikazuia ujenzi holela na kuushikilia mtindo wake. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Aprili 1914, wachoraji Paul Klee, August Macke na Louis Moilliet walikuwa wameshapita Tunisia wakihangaika na mwanga uleule utakaokuhangaisha wewe. Kwa mpiga picha, sheria ya rangi moja ni neema na mtego. Neema, kwa sababu picha ishirini za milango zitakaa pamoja ukutani kama familia bila wewe kufanya lolote. Mtego, kwa sababu ukifika ya kumi na mbili macho yanaanza kuchoka, na unajikuta unapiga buluu badala ya kupiga mlango. Dawa yake ni kutafuta ile michache isiyo ya buluu, ya njano hasa, na kuichomeka katikati ya mfululizo.

Tahadhari nyingine: si kila mlango wa kizamani pale ni wa zamani. Mingi imetengenezwa upya kwa mtindo uleule. Sina ugomvi nayo, ni mizuri, lakini kama unatafuta umri angalia vichwa vya misumari. Vilivyofuliwa kwa mkono havilingani ukubwa, na mchoro una mahali unapopinda kidogo. Angalia pia chini, karibu na kizingiti, ambako maji ya mvua na ufagio hula mbao kwanza. Mlango uliokaa sana huwa na kiraka huko, na rangi iliyorundikana hadi ikaziba maungio.

Marsaxlokk ni habari nyingine kabisa. Nyumba ni za mawe ya chokaa yenye rangi ya asali, ghorofa moja au mbili, na milango ni myembamba, ya paneli, iliyopakwa rangi ya mafuta kila mmoja kwa mapenzi ya mwenyewe: kijani cha chupa, nyekundu, buluu ya bahari, damu ya mzee. Hakuna aliyewapangia. Fundi hajajionyesha sana kwenye mbao, ila kwenye shaba. Malta inajulikana kwa vigongeo vya shaba ya manjano, na kinachopendwa kuliko vyote ni pomboo, wawili wawili, mmoja kila upande, wamesuguliwa hadi wanang'aa. Pembeni kuna kibao cha jina la nyumba na mara nyingi kigae cha Bikira Maria au mtakatifu. Baadhi ya nyumba zina kimlango kifupi cha nje, cha nusu kimo, kinachoruhusu mlango mkubwa uachwe wazi upepo upite bila mtoto kutoroka. Hicho nakipenda kuliko pomboo, kwa sababu kinaonyesha maisha ya mchana: ukumbi wenye vigae, kiti, pazia linalopepea.

Kisha kuna chumvi. Kijiji kiko usawa wa bahari, si juu ya genge, na hewa ya chumvi inayala mawe laini yale hadi yanatoboka matundu matundu kando ya miimo. Rangi hubambuka tabaka kwa tabaka. Unaona kijani, chini yake buluu, chini yake nyeupe. Kwa picha za karibu, Malta inashinda bila mjadala.

Lakini idadi haipo. Marsaxlokk ni kidogo, na milango mingi imeshabadilishwa kuwa ya alumini, ambayo hakuna kichujio cha kuiokoa. Isitoshe bandarini kuna mashua za luzzu, zenye mistari ya njano, buluu, nyekundu na kijani na macho mawili yaliyochorwa kwenye gubeti. Zinakupora umakini. Watu huenda kwa ajili ya milango wakarudi na picha za mashua, na siwalaumu. Ndiyo maana nasema usiishie hapo. Unganisha na Birgu, mji mdogo ulio kwenye Bandari Kuu ng'ambo ya mji mkuu Valletta, ambako Mashujaa wa Mtakatifu Yohana, jumuiya ya kijeshi ya Kikatoliki, waliweka makao walipofika Malta mwaka 1530, na uliostahimili mazingiwa ya Waosmani mwaka 1565. Vichochoro vya Collacchio, mtaa wao wa kale, vina milango, ngazi, vyungu na sanamu za kona kwa wingi, na magari ni machache kuliko kwingine.

Mwanga

Hapa mgeni kutoka Afrika Mashariki lazima asahihishe hesabu. Kwetu jua la adhuhuri hupita kaskazini miezi kadhaa na kusini miezi mingine. Tunis na Malta, zote zikiwa karibu na latitudo ya nyuzi 36 kaskazini, jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Mlango unaoelekea kaskazini hauoni jua la adhuhuri siku yoyote. Ukiupenda, upige kivulini na uache kusubiri. Fungua dira ya simu, tembea kijiji chote mara moja bila kupiga picha, andika kila mlango unaoutaka unaelekea wapi. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo inayotenganisha picha nzuri na bahati.

Saa nazo zinanyumbuka. Mwezi Juni jua la Sidi Bou Said huchomoza karibu saa kumi na moja alfajiri, na Malta, ambayo husogeza saa mbele majira ya joto, karibu saa kumi na moja na dakika 45. Desemba, Sidi Bou Said hulioni kabla ya saa moja na dakika 25 asubuhi, na linakuaga mnamo saa kumi na moja jioni. Kwa hiyo Juni unalipa kwa usingizi na Desemba unalipa kwa ufupi wa siku, pamoja na mvua, maana huko mvua ni za baridi na kiangazi ni kikavu.

Ushauri wa kila mahali ni kwamba ukimbie jua la mchana. Kwa milango ya misumari sikubaliani nao. Kiangazi, jua linapokuwa karibu utosini, miale hushuka ikipangusa uso wa mlango unaoelekea kusini, na kila kichwa cha msumari kinaangusha kivuli kirefu kwenda chini. Mchoro uliokuwa bapa asubuhi unainuka. Inadumu kitambo kifupi kwa kila mlango, na kukosea digrii chache za mwelekeo kunaiua, lakini ukiipata hutaitaka tena picha ya jua la machweo. Malta ni kinyume: paneli zake hazina cha kuinua, shaba inawaka vibaya, na rangi ya mafuta inarudisha mng'ao mweupe. Huko piga kivulini, au asubuhi na alasiri.

Kuta nazo zina tabia tofauti. Weupe wa Sidi Bou Said unaidanganya kamera; inaona mwanga mwingi, inapunguza, na ukuta unatoka wa kijivu huku buluu ikizama kuwa nyeusi. Ongeza mwanga kwa hatua moja hivi, kisha hakikisha ukuta haujaungua kabisa. Mawe ya Malta yako katikati, si meupe si meusi, na kamera huyapima sawa bila kusaidiwa. Anayeanza kupiga picha atapata kushindwa kuchache zaidi Malta.

Rangi nyeupe iliyo kivulini chini ya anga safi hugeuka samawati. Ukiiacha simu irekebishe yenyewe, itaififisha buluu ya mlango ili kuusafisha ukuta, na mlango utatoka tofauti kila picha. Funga mpangilio wa rangi kwenye alama ya jua na uache hivyo siku nzima.

Mtaani

Barabara kuu ya Sidi Bou Said hujaa. Meli za watalii hutia nanga La Goulette, karibu tu, na mabasi huanza kupandisha watu katikati ya asubuhi. Wauza vikumbusho hutundika vizimba vya ndege, sahani na vitambaa juu ya kuta zilezile ulizozifuata. Kabla ya hapo kijiji ni chako na wafagiaji. Ukichelewa, acha barabara kuu, ingia vichochoro vya pembeni, au panda ngazi za Café des Nattes usubiri kwa chai. Nyumba ya Dar El Annabi iko wazi kwa wageni, na inafaa kwa sababu inakuonyesha mlango ule ukitazamwa kutoka ndani, upande ambao picha za barabarani hazifiki. Katikati ya kijiji watu hutembea kwa miguu, na kwa mpiga milango hilo lina thamani kuliko mandhari.

Marsaxlokk adui ni magari. Yameegeshwa usoni mwa milango, kioo cha pembeni kikigusa kizingiti. Jumapili epuka kabisa kama lengo lako ni milango: soko la samaki linafunika ufukwe wote kwa mahema. Ni siku nzuri ya picha za watu na samaki, kwa milango ni hasara. Siku za kati ya wiki, asubuhi wavuvi wakitengeneza nyavu, ndiyo zamu yako.

Kuhusu adabu, kote kuwili mlango ni wa mtu. Kupiga hodi kwa heshima ukaomba ruhusa si jambo geni kwa Mswahili, na Sidi Bou Said "Assalaam alaykum" inafungua mazungumzo hata kama Kiarabu chako kinaishia hapo. Wengi pia wanasema Kifaransa. Malta Kiingereza ni lugha rasmi sambamba na Kimalta, kwa hiyo hakuna kisingizio. Nyumba nyingine za vijijini Malta bado huachwa na ufunguo umening'inia nje mlangoni. Picha nzuri, ndiyo, lakini usiiweke mtandaoni pamoja na jina la mtaa.

Tunisia ina makatazo ya kweli: usielekeze kamera kwa polisi, askari wala majengo ya serikali. Ikulu iko Carthage, njiani kabisa, na treni ya TGM unayopanda kutoka Tunis inapita karibu nayo. Weka kamera mfukoni sehemu hiyo. Droni iache nyumbani.

Kufika na pesa

Kwa anayetoka Nairobi, Dar es Salaam au Zanzibar, njia ya Istanbul inafika kote kuwili, na ya Cairo inafaa kwa Tunis. Malta iko ndani ya Schengen tangu 2007: pasipoti za Kenya, Tanzania na Uganda zinahitaji viza, ada ya mtu mzima ni euro 90, na maandalizi ya karatasi ni ya miezi, si wiki. Mwenye makazi halali Ujerumani, Ufaransa au nchi nyingine ya Schengen anaingia kwa kibali chake, na kwake Malta ni safari ya mwisho wa wiki. Masharti ya Tunisia hutofautiana kwa pasipoti, kwa hiyo ubalozi uulizwe kabla ya kukata tiketi.

Dinari ya Tunisia hairuhusiwi kutoka nchini, basi badilisha kidogo kidogo. Chakula na malazi huko ni nafuu kuliko Malta kwa tofauti ya wazi, ukiondoa mikahawa yenye mandhari ya ghuba ambayo hutoza mandhari. Kula bambalouni, andazi la duara linalokaangwa mbele yako, ila futa vidole kabla ya kushika lenzi. Malta utatumia euro, na basi za kutoka Valletta hukufikisha Marsaxlokk. Birgu unaweza kuvuka kwa boti ya abiria kutoka chini ya Valletta hadi upande wa Miji Mitatu, ambayo Birgu ni mmoja wao, kisha ukatembea.

Ubebe nini

Simu nzuri inatosha kote kuwili, mradi usitumie lenzi yake pana. Kichochoro kinakubana, unashawishika kusogea na kupanua, na mlango unatoka umevimba katikati na kukonda juu. Rudi nyuma hadi mgongo uguse ukuta wa pili, tumia ukuzaji wa mara mbili, shika simu wima sambamba na mlango kwenye kimo cha katikati yake. Mwenye kamera atumie lenzi ya milimita 35 hadi 50.

Kichujio cha polaraizi kina kazi Malta: hupunguza mng'ao wa rangi ya mafuta na vioo, na rangi inarudi. Ila hakiondoi mng'ao wa chuma. Pomboo wa shaba utawaka vilevile hata ukikizungusha hadi kesho. Unachoweza ni kusogea hatua moja kushoto au kulia, au kusubiri wingu. Sidi Bou Said kichujio hicho kinafanya anga iwe nzito mno juu ya kuta nyeupe. Sikipendekezi.

Basi yupi aende wapi

Mwenye siku mbili tu na anayetaka kurudi na mfululizo wa kutundika ukutani, nampeleka Sidi Bou Said, alale palepale kijijini ili alfajiri imkute juu. Mwenye lenzi ya karibu, anayependa kutu, rangi iliyobambuka na shaba, aende Malta, siku ya Marsaxlokk iwe moja na Birgu mbili. Anayesafiri na watoto au wazazi wazee: Sidi Bou Said ni mlima na mawe yanayoteleza, Marsaxlokk ni tambarare na kuna pa kukaa kando ya maji wakati wewe unahangaika na pomboo. Anayeijua milango ya Zanzibar na Lamu kwa kuipiga, si kwa kupita tu, Tunisia itamfaidi zaidi, kwa sababu ataweza kuweka picha mbili kando kwa kando, nakshi ya mbao na nakshi ya misumari, na kila moja ikamfanya aitazame nyingine upya.

Na kama viza ya Schengen imekataliwa, usiihesabu kuwa umepata daraja la pili. Kwa milango peke yake, bila mashua na bila samaki, Sidi Bou Said ningeichagua hata kama njia zote mbili zingekuwa wazi.